Ngozi inayobaki baada ya kilo kuondoka nayo inahitaji tiba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kuzungumzia jambo ambalo makala za kupunguza uzito hulipita haraka. Tangu huduma za puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula na upasuaji wa kupunguza uzito zianze kupatikana hapa nchini, Hospitali ya Mloganzila na kwingineko, tumezoea kuona picha za kabla na baada. Kwenye picha ya baada mtu huwa amevaa vizuri. Haionekani ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi na sasa imebaki bila mafuta ya kuijaza: imeshuka tumboni hadi kufunika kinena, inaning'inia kwenye mikono, inasuguana katikati ya mapaja, na kwa wanaume na wanawake vilevile imelegea kifuani.

Sisi ni wauguzi wa vidonda pamoja na mtaalamu wa lishe, tunafanya kazi Dodoma. Tunachosema ni kwamba ngozi hiyo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Ipangiwe matunzo, fedha na daktari tangu siku mgonjwa anaposaini fomu ya upasuaji wa uzito. Kusubiri mpaka vidonda vitoke ndipo watu waanze kuulizana la kufanya ni uzembe wa huduma, na lawama zake zisitupiwe mgonjwa.

Ngozi hushikiliwa na nyuzinyuzi za kolajeni na elastini. Zikivutwa kwa miaka mingi hukatika, na michirizi tunayoiona tumboni na mapajani ni alama ya kukatika huko. Mafuta yakiondoka kwa kasi, kama inavyokuwa baada ya kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ngozi hukosa nguvu ya kurudi. Umri, sigara, jua, mimba kadhaa na idadi ya kilo vyote huchangia. Aliyepungua kilo 10 kwa puto mara nyingi hapati shida kubwa. Aliyepungua kilo 40 au 50 ajue mapema kwamba mikunjo itabaki.

Hapo ndipo wauzaji wanapoingia. Losheni za kubana ngozi, mafuta ya nazi, mchanganyiko wa tangawizi na kahawa, mikanda ya kutoa jasho: hakuna hata kimoja kinachounganisha nyuzi zilizokatika. Mafuta hulainisha ngozi ya juu, basi. Kufunga tumbo kwa kanga kwa mtindo wa mzazi hakurudishi ngozi pia, ingawa kunaweza kumpa mtu nafuu ya kutembea. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito kidogo yana faida ya kweli kwa sababu misuli hujaza sehemu ya nafasi, hasa mikononi na mapajani, lakini hayaikati ngozi. Anayekuuzia chupa ya elfu hamsini kwa ahadi ya wiki sita anakula pesa ambayo ingenunua shuka za pamba na dawa ya fangasi ya miezi kadhaa.

Sasa tuje kwenye mkunjo wenyewe, maana ndiko kazi ya kila siku iliko. Ngozi mbili zikilaliana, jasho halina pa kutokea. Unyevu hulainisha ngozi, msuguano huichubua, na fangasi aina ya kandida, ambaye kwa kawaida huishi mwilini bila kelele, hupata mahali pa kuzaliana. Dodoma ina hewa kavu, na watu hudhani ukavu huo unawakinga. Hewa ya nje haifiki ndani ya mkunjo. Oktoba hadi Desemba, kabla mvua hazijakolea, joto la mchana humtoa mtu jasho pale pale chini ya tumbo, kisha vumbi hushika jasho na kusugua kama msasa. Juni na Julai hali hugeuka: baridi na upepo hukausha ngozi ya nje mpaka inapasuka, huku ndani ya mkunjo bado kuna unyevu. Kwa hiyo mtu mmoja anahitaji mafuta kwa nje na ukavu kwa ndani, kwa wakati mmoja.

Usafishaji ufanyike mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mara tatu wakati wa joto. Maji yawe ya uvuguvugu. Sabuni iwe laini isiyo na manukato makali, na isiwe ya unga wala ya kufulia. Maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu, sabuni inakataa kutoa povu, na mabaki yake hubaki kwenye ngozi kama utando mweupe unaowasha. Dawa yake ni kupunguza sabuni na kuongeza suuza. Sabuni kidogo kiganjani inatosha, kisha suuza mkunjo kwa angalau lita 2 za maji safi. Siku ambayo bomba limekata, usiache kabisa: chovya kitambaa safi kwenye maji bila sabuni, futa mara moja kuelekea upande mmoja, geuza upande wa pili wa kitambaa, rudia.

Kuinua mkunjo mkubwa ukiwa umesimama mkono mmoja huchoka haraka na mtu huishia kuosha nusu. Kunja kanga upana wa kama sentimita 20, ipitishe chini ya mkunjo, uuinue kisha ufunge nyuma ya shingo au mwombe mwenza wako aishike. Anayeishi peke yake alale chali, aegemeze mgongo kwenye mito miwili, aweke taulo chini na kuinua kwa mkono wa kushoto. Angalia kwa kioo kidogo na tochi ya simu. Kona za mwisho, karibu na nyonga, ndizo husahaulika, na vidonda vingi huanzia hapo. Kitovu nacho: baada ya kupungua sana hugeuka shimo refu linalokusanya uchafu, kisafishwe kwa pamba iliyozungushiwa kijiti na kikaushwe.

Kukausha kuna umuhimu kuliko kuosha. Gandamiza taulo, usisugue. Baada ya taulo, lala chali mkunjo ukiwa umeinuliwa kwa dakika 10 mbele ya feni, au tumia kikausha nywele kwenye hewa baridi, umbali wa kama sentimita 30. Hewa ya moto usithubutu; ngozi hiyo mara nyingi imepoteza hisia na huungua bila mtu kujua.

Kisha weka kitambaa. Shuka kuukuu ya pamba tupu ndiyo bora, nyeupe ili rangi isiwashe na ili uchafu uonekane. Kata vipande vya upana wa sentimita 15, vyenye urefu unaozidi mkunjo kwa sentimita 5 kila upande. Laza tabaka moja tu, na ncha hizo zibaki nje, maana unyevu hutoka kupitia hapo. Kitambaa kilichokunjwa mara tatu nne hukaa na maji kama sponji na huleta madhara zaidi kuliko kutokuweka chochote. Badilisha kila kinapopata unyevu. Kwa mtu anayefanya kazi ya kusimama ni kila baada ya saa 3 au 4. Vipande 8 kwa siku si vingi. Vifuliwe, vichemshwe dakika 10, vianikwe juani, na jua la Dodoma halina mgomo. Vikikauka vipigwe pasi. Pedi za hedhi watu huziweka pia; zinafyonza vizuri, lakini upande wa nailoni huzuia hewa, hivyo zisilale usiku kucha.

Poda tunaomba iachwe. Poda ya watoto na unga wa mahindi hugeuka madonge yakikutana na jasho, na madonge hayo huchubua. Ndimu, spiriti, chumvi na magadi huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Nywele za kinena zipunguzwe kwa mkasi, zisinyolewe kwa wembe. Kijikato cha wembe ndani ya mkunjo ni mlango wa jipu.

Ngozi ikiwa nzima lakini nyekundu kidogo au yenye kuwasha, krimu ya zinki oksaidi tabaka jembamba inatosha kuikinga. Asubuhi usiikwangue yote. Futa ya juu iliyochafuka, ongeza nyingine. Fangasi akishaingia, hali inabadilika. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa kwenye vitabu. Tafuta eneo lililokoza rangi au lenye zambarau, linalong'aa kwa unyevu, lenye mpaka unaoonekana, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni mwake. Vipele hivyo vya pembeni ndivyo vinavyomtambulisha kandida. Tumia krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 mara 2 kwa siku kwenye ngozi iliyokauka kabisa, kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee wiki moja baada ya dalili kuisha. Wengi huacha siku ya nne muwasho ukipungua, na baada ya wiki mbili wanarudi duka la dawa wakidai krimu ile ni feki. Kama unatumia na zinki, klotrimazoli itangulie, isubiri inyonywe, zinki ifuate juu.

Kinachotuudhi zaidi ni krimu za mchanganyiko. Ni tyubu moja yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Mhudumu wa duka anaitoa bila cheti kwa sababu inaondoa muwasho ndani ya siku mbili, na mteja anarudi kusifia. Steroidi hupunguza kinga ya ngozi pale pale fangasi alipo, na ndani ya mkunjo hunyonywa zaidi kuliko kwenye ngozi ya wazi. Baada ya wiki chache ngozi ambayo tayari ilikuwa imelegea inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, inachanika kwa kuguswa na kutoa michirizi mipya, na fangasi anaenea. Soma maandishi madogo ya tyubu kabla ya kulipa. Mikorogo ya kujichubua ina hatari hiyo hiyo, nayo huwekwa mikunjoni na watu wanaotaka kuondoa weusi ulioachwa na vidonda. Weusi huo hufifia wenyewe kwa miezi kadhaa vidonda vikikoma.

Nenda kituo cha afya kama hakuna nafuu baada ya wiki 2, kama kuna usaha, harufu kali mpya, maumivu yanayosambaa, ngozi ya moto au homa. Homa pamoja na ngozi iliyovimba na kuwa ngumu ni ya siku hiyo hiyo. Pima sukari pia. Kisukari hutulia kwa wengi baada ya upasuaji wa uzito, ila kinaweza kurudi kimyakimya, na vidonda vya mikunjo visivyopona huwa ni taarifa ya kwanza.

Maumivu ya mgongo na kiuno ni ya kawaida kwa mwenye mkunjo mkubwa, kwa kuwa uzito wa kilo kadhaa unamvuta mbele siku nzima. Hapa kuna mtego. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha mfuko mdogo wa chakula na utumbo hatakiwi kumeza diklofenaki wala ibuprofeni, maana husababisha kidonda pale kwenye maungio, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Dawa hizo zinapatikana kila duka, na mtu akilalamika mgongo ndizo anazopewa kwanza. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Mwambie muuza dawa kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo kabla hajafungua kabati.

Kuhusu mavazi hatutasema mengi, mafundi wetu wanajua kazi. Muhimu ni taiti ya pamba inayofika karibu na goti ndani ya gauni au dera, kuzuia mapaja kuchubuana, na nguo ya ndani inayopanda juu ya kitovu ili ibebe mkunjo kutoka chini. Mkanda wa kubana unaoishia katikati ya tumbo hugawa ngozi mafungu mawili na kuongeza mkunjo ambao haukuwapo. Kipimo cha haraka: vidole viwili vipite chini ya ukingo wa nguo ukiwa umekaa. Usiku ivuliwe. Wanaume wavae bukta ndefu ya pamba badala ya chupi fupi, na suruali ishikiliwe kwa suspenda kama mkanda wa kiuno unakaa juu ya kidonda.

Lishe inaingiaje? Ngozi haijengwi kwa losheni, inajengwa kwa protini, na mfuko wa chakula uliokatwa haubebi chakula kingi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Mayai 2 ni kama gramu 12, maziwa au mtindi glasi 2 za mililita 250 ni gramu 16, kipande cha kuku au samaki cha gramu 100 kilichoiva ni kama gramu 25, nusu kikombe cha maharage ni gramu 7. Jumla yake ni 60, na imepatikana bila unga wa dukani wa bei mbaya. Protini iliwe kwanza, mboga zifuate, ugali mwisho kama nafasi ipo. Kwa mkoa wetu tatizo ni kwamba ugali wa mtama kwa mlenda hushuka kirahisi kooni, mtu anashiba, na protini aliyopata ni ndogo. Hatusemi mlenda uachwe, nani atatusikiliza? Uwekewe karanga zilizotwangwa au dagaa waliosagwa, na kijiko cha kwanza kiwe cha dagaa. Uji wa lishe nao, pamoja na sifa zake, sehemu kubwa ni wanga. Maji yanywewe nusu saa kabla au nusu saa baada ya kula.

Vidonge vya madini na vitamini ni vya maisha yote kwa waliokatwa mfuko wa chakula au kuunganishwa utumbo, hata ukijisikia mzima. Kalsiamu na madini ya chuma visimezwe pamoja. Viachane kwa saa 2, na chai isiwe karibu na vidonge vya chuma kwa sababu huzuia visinyonywe. Vitamini B12 ipimwe walau mara moja kwa mwaka. Midomo kupasuka pembeni, nywele kukatika na kidonda kidogo kukaa wiki tatu bila kufunga ni dalili za upungufu, na upungufu huo huo ndio utakaofumua mshono siku ya kuondoa ngozi.

Kuondoa ngozi kwa upasuaji ndiyo tiba pekee ya mkunjo wenyewe. Wakati unaofaa ni miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wa uzito, uzito ukiwa umetulia kwa angalau miezi 3, vizuri zaidi 6. Anayekata ngozi huku bado anapungua atalegea tena. BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ikiwa chini ya 30 hatari za mshono hupungua. Wingi wa damu, albumini (protini ya kwenye damu) na sukari viwe sawa kabla, na vidonda vya mikunjo viwe vimepona. Nikotini iachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada kwa kuwa hubana mishipa midogo inayolisha ukingo wa mshono, ngozi ikafa na kuwa nyeusi. Na tusidanganyane: ugoro na tumbaku ya kutafuna vimo, sigara si peke yake. Mwanamke anayetarajia kuzaa asubiri hadi amalize, maana mimba itatanua tena kilichokazwa.

Kuna tofauti ambayo mgonjwa lazima aijue kabla ya kujadili bei. Kukata mkunjo unaoning'inia peke yake ni upasuaji wa kuondoa kinachougua. Kukata mkunjo, kukaza misuli ya tumbo na kuhamisha kitovu ni upasuaji mkubwa zaidi, na sehemu yake ni ya mwonekano. Kovu la tumbo hutoka nyonga hadi nyonga. La mkono hukimbia kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko na litaonekana ukivaa mikono mifupi. Wapo wanaojuta, hivyo aonyeshwe picha za makovu ya watu wenye ngozi nyeusi, na aseme mapema kama ana historia ya makovu yanayovimba.

Madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Mkazi wa Dodoma, Kongwa au Manyoni hapaswi kupanga kurudi nyumbani siku ya tatu. Mirija ya kutoa majimaji huondolewa kiasi kinaposhuka chini ya kama mililita 30 kwa saa 24, kwa hiyo kila siku majimaji yapimwe na kuandikwa. Tafuta pa kukaa karibu na hospitali kwa siku 10 hadi 14. Safari ya kurudi, treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma 2024 ni nafuu kuliko basi kwa sababu unaweza kusimama na kutembea kila saa. Kwenye basi zungusha vifundo vya miguu na ushuke kila linaposimama. Damu kuganda mguuni ndiyo hofu kubwa ya wiki za mwanzo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda dharura hata kama mshono unaonekana mzuri. Kabla ya kuondoka omba barua ya ruhusa yenye maelezo ya upasuaji, ili anayefunga kidonda chako Dodoma ajue kilichokatwa.

Kwa wiki za mwanzo utatembea umeinama kidogo na kulala magoti yakiwa juu ya mto, usivute mshono. Nguo ya kubana huvaliwa karibu muda wote kwa kama wiki 6. Usinyanyue kinachozidi kilo 5 kwa muda huo huo. Hapa ndipo mipango ya wengi huharibika: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa mwaka mmoja ni karibu kilo 10. Kama nyumbani maji hutekwa, mtekaji apatikane kabla ya tarehe ya upasuaji. Uvimbe laini unaochezacheza chini ya mshono ni majimaji yaliyokusanyika. Hutolewa kwa sindano hospitalini, usikamue. Ganzi chini ya kitovu inaweza kudumu miezi, kwa hiyo chupa ya maji ya moto isiwekwe hapo.

Mwisho ni suala la nani analipa. Bima kwa kawaida haigharamii upasuaji wa urembo, na hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni mkunjo wenye vidonda vya kujirudia kutupwa kwenye kapu la urembo kwa sababu tu upo tumboni. Nchini Marekani kampuni nyingi za bima hukubali kulipia kuondoa mkunjo ukionekana kufika kwenye kinena au chini yake, na kukiwa na kumbukumbu za vidonda visivyopona kwa miezi 3 au zaidi ya matibabu. Kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, wanaopanga vifurushi wana nafasi ya kuandika kigezo kama hicho, kinachopimika, badala ya kumwachia ofisa wa dirishani aamue kwa macho.

Mgonjwa naye ajenge faili lake. Kila kidonda kikitokea aende kituoni, hata kama anajua dawa, ili kiandikwe. Daktari aandike kinachotibiwa: vidonda vya mikunjo vinavyojirudia, tarehe, dawa zilizotumika, muda, na mkunjo unafika wapi. Asiandike kwamba mgonjwa anataka kupunguza tumbo, maana sentensi hiyo moja hufunga faili. Picha zipigwe mtu akiwa amesimama, za mbele na za pembeni, mkunjo ukiwa umeshuka na kisha ukiwa umeinuliwa, tarehe ionekane, sura isionekane.

Wauguzi wawili na mtaalamu wa lishe,
Dodoma